Mhariri Aliyeingia Ikulu

Msafiri wa Tanga anayefika Dar es Salaam na kuelekea Posta kwa shughuli zake hupita Mtaa wa Azikiwe, pengine bila kujiuliza Azikiwe alikuwa nani. Nnamdi Azikiwe alikuwa Mnigeria, na kabla ya siasa riziki yake ilitoka kwenye magazeti. Katikati ya miaka ya 1930 alikuwa Accra akihariri African Morning Post. Makala moja iliyochapwa humo ilimpandisha kizimbani kwa shtaka la uchochezi. Akatiwa hatiani, akakata rufani, akashinda. Mwaka 1937 alikuwa Lagos na gazeti lake mwenyewe, West African Pilot. Nigeria ilipojitawala mwaka 1960 akawa Gavana Mkuu, na nchi ilipogeuka jamhuri mwaka 1963 akawa Rais wake wa kwanza.

Njia hiyo ya kutoka chumba cha habari kwenda madarakani imepitiwa na wengi katika Afrika. Jomo Kenyatta alihariri Muigwithania mwaka 1928, kabla hajafikiriwa kuwa kiongozi wa nchi. Unguja, Ali Muhsin Barwani alijulikana kwa gazeti la Mwongozi kabla ya kujulikana kwa uwaziri. Hata Mwalimu Nyerere alionja joto la uhariri: mwaka 1958 alishtakiwa kwa maneno aliyoandika katika Sauti ya TANU kuhusu maofisa wa kikoloni, akapigwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka huo huo wahariri wawili wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa jela kwa kosa la uchochezi.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu wa kizazi kilichofuata, Benjamin William Mkapa. Alikuwa mhariri wa magazeti matatu makubwa ya nchi kabla ya kuwa waziri, na aliwahi kuwa Balozi wa Tanzania huko huko Nigeria ya Azikiwe. Hakuwa mtu wa Tanga. Alizaliwa Novemba 12, 1938, Lupaso, wilayani Masasi, upande wa pili kabisa wa pwani yetu. Lakini mwambao huu una sababu zake za kumkumbuka. Maamuzi yake yalifika kwenye mashamba ya mkonge, kwenye madawati ya shule za msingi, na kwenye boti zilizovuka bahari kutoka Pemba kwa hofu mwaka 2001. Maisha yake yanaonyesha vizuri mwandishi hupeleka nini serikalini anapopewa dola, na huacha nini nyuma.

Safari yake ya masomo ilipitia Ndanda, seminari ya Kigonsera, Pugu, na hatimaye Makerere, alikohitimu shahada ya Kiingereza mwaka 1962. Alirudi nchi ikiwa na uhuru wa miezi michache tu na wasomi wa kuhesabika. Akafanywa ofisa tawala, kisha akaingia Wizara ya Mambo ya Nje, na akapata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1966, hajatimiza hata miaka 30, Nyerere akamtoa kwenye diplomasia na kumkabidhi magazeti ya chama: The Nationalist la Kiingereza na Uhuru la Kiswahili.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu aina ya gazeti humfinyanga mhariri wake. Azikiwe alifundwa na magazeti ya upinzani dhidi ya wakoloni. Alizoea kumuuliza mwenye mamlaka, na aliijua gharama ya swali. Mkapa alikabidhiwa gazeti la chama kilicho madarakani, katika nchi ambayo tangu mwaka 1965 ilikuwa na chama kimoja kisheria. Kazi aliyopewa ilikuwa kueleza, kufafanua na kutetea. Aliifanya kwa bidii na kwa akili nyingi, lakini haikuwa kazi ya kuhoji.

Mtihani mkubwa ulikuja mapema. Februari 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Mabenki yakataifishwa ndani ya siku chache, yakafuatwa na makampuni makubwa ya biashara, na baadaye mwaka huo zamu ya mkonge ikafika. Gazeti la Mkapa ndilo lililobeba jukumu la kuwaeleza wasomaji kwa nini njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma.

Kwa wakazi wa Tanga hiyo haikuwa habari ya mbali. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa Kijerumani, na miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba ya Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka, ikiwa mstari wa mbele duniani. Mashamba hayo yalivuta vibarua kutoka kila pembe. Manamba, vibarua wa mkataba, walitoka Songea, Kigoma, Urundi, Msumbiji, na kusini huko alikozaliwa mhariri wetu. Mpaka leo ziko familia Muheza na Korogwe ambazo babu yao alifika kwa mkataba wa kukata mkonge na hakurudi kwao tena.

Anayeifahamu kazi hiyo anajua ilivyo nzito. Mkataji huanza alfajiri, kabla jua halijakaza, akikata majani yenye miiba mikali kwenye ncha, kisha anayafunga vitita na kuyapanga kando ya njia. Majani hupelekwa kwenye mashine ya korona, ambayo huyasaga na kuyaosha mpaka zikabaki singa. Singa hutundikwa kwenye nyaya juani, zikikauka hupigwa brashi na kufungwa marobota tayari kwa meli. Katika uzito wote wa jani, singa ni kama asilimia nne tu; kinachobaki ni maji na takataka. Ndiyo maana mashamba mengi yalikuwa na reli zake ndogo na maji mengi, na ndiyo maana bei ikishuka kidogo tu sokoni, hesabu nzima ya shamba huanguka.

Na bei ilishuka. Nyuzi za plastiki ziliingia sokoni tangu katikati ya miaka ya 1960, na kamba ya mkonge ikaanza kukosa wateja. Kwa hiyo serikali ilitaifisha mashamba wakati ule ule soko lilipokuwa likiporomoka. Shirika la umma likarithi mitambo iliyochoka na mikonge iliyozeeka, na usimamizi mbovu ukaongeza tatizo. Uzalishaji ulishuka mwaka hadi mwaka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa takriban tani 20,000 tu.

Turudi kwa mhariri. Mwaka 1970 serikali ilitaifisha gazeti la The Standard, na uhariri wake akapewa Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Ginwala aliondolewa mwaka uliofuata baada ya gazeti kuchapa tahariri kali dhidi ya utawala wa Nimeiri wa Sudan. Baadaye sana, mwaka 1994, mhariri huyo akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru. Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yaliunganishwa yakawa Daily News, na Mkapa akawa mhariri wake. Alijua yaliyompata Ginwala. Aliongoza gazeti la taifa bila kugongana na aliyemteua, na mwaka 1974 akahamia Ikulu kuwa mwandishi wa habari wa Rais. Mwaka 1976 alisimamia kuanzishwa kwa Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, na mwaka huo huo akatumwa Lagos kuwa balozi.

Kutoka hapo ngazi zilifuatana haraka. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1977, kisha Waziri wa Habari na Utamaduni, kisha balozi Kanada na Marekani, kisha akarudi Mambo ya Nje kuanzia 1984 hadi 1990. Mwaka 1985 alichaguliwa mbunge wa Nanyumbu. Mwaka 1995, katika Mkutano Mkuu wa CCM Dodoma, Jakaya Kikwete aliongoza raundi ya kwanza, lakini katika raundi ya pili Mkapa alipata kura 686 dhidi ya 639. Oktoba mwaka huo, kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu enzi za uhuru, alishinda kwa asilimia 61.8, na Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi akashika nafasi ya pili.

Kaulimbiu yake ilikuwa "Uwazi na Ukweli", na hapo ndipo mwandishi alipojitokeza ndani ya Rais. Mkapa alijiwekea desturi ya kulihutubia taifa kwa redio kila mwisho wa mwezi. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka sauti ile nzito isiyo na haraka, yenye Kiswahili kilichonyooshwa kama cha tahariri. Hotuba zile zilikuwa na mpangilio wa makala: jambo moja, sababu zake, takwimu zake, na hitimisho. Aliwaeleza wananchi kodi inakusanywaje, deni la nje ni nini, kwa nini shirika fulani linauzwa. Viongozi wengi huwahutubia watu kwa vigelegele na nyimbo. Mkapa aliwachukulia wananchi kuwa watu wanaoweza kufuata hoja ndefu mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa heshima kubwa kwao.

Matunda ya kazi yake yapo na yanahesabika. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza Julai 1996. Makusanyo ya kodi, yaliyokuwa takriban shilingi bilioni 25 kwa mwezi alipoingia, yalipanda mara kadhaa kabla hajaondoka. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, msamaha uliokadiriwa kufikia dola bilioni 3 kwa miaka ya mbele. Nafuu hiyo ya madeni ilisaidia kufuta ada ya shule za msingi na kuanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002. Nchi nzima, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Watoto wa Mkinga, Pangani, Handeni na Lushoto walikuwa miongoni mwao. Walisongamana madarasani, wengine walisomea chini ya miti, lakini waliingia shule. Kwa mzazi aliyekuwa akichagua ni mtoto gani asome na yupi abaki shambani, uamuzi huo ulikuwa mkubwa kuliko hotuba yoyote.

Upande wa mkonge, mhariri aliyetetea kutaifisha ndiye aliyekuwa Rais wakati wa kubinafsisha. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilianza kabla yake, lakini ni chini yake ndipo mashirika makubwa yalipokwenda mnadani: Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997 na sehemu yake kuuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000, kiwanda cha saruji cha Tanga pale Pongwe kilipata mbia wa nje, na mashamba ya mkonge ya serikali yakaenda kwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mtu ana haki ya kubadili mawazo baada ya miaka thelathini, hasa aliyeyaona matokeo ya mawazo ya kwanza kwa macho yake. Mkapa alieleza hadharani kwamba mashirika yaliyokuwa yakila ruzuku yalikuwa yakiwanyima watoto dawa na vitabu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Saruji ya Tanga iliendelea kutoka, na pale Hale mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa yalianza kujaribiwa kuzalisha gesi na umeme. Lakini kwenye makambi ya zamani ya mashamba, mfanyakazi aliyetumikia shirika la umma miaka ishirini alikuwa na maswali mengine. Nani analipa kiinua mgongo? Nyumba hii ni ya nani sasa? Pori hili lililokuwa shamba, tunaruhusiwa kulima mahindi? Hotuba ya mwisho wa mwezi ilieleza kwa nini serikali inauza. Haikuwa na mahali pa mfanyakazi wa Ngomeni au Magoma kuuliza na kujibiwa.

Upungufu huu ndio unaopita katika utawala wake wote. Mkapa alikuwa bingwa wa kueleza uamuzi uliokwisha kufikiwa. Kusikiliza kabla ya kuamua, na kuhojiwa baada ya kuamua, hakukuwa katika mafunzo aliyoyapata The Nationalist. Mara kadhaa aliwalaumu hadharani waandishi wa nyumbani kwa uvivu wa kusoma na kutafiti. Lawama hiyo haikukosa ukweli, lakini Rais aliyewahi kuwa mhariri angeweza pia kuketi nao mara kwa mara, akajibu hata maswali yao mabovu. Mwandishi huimarika kwa kuuliza na kukosolewa, na yeye aliijua kazi hiyo kuliko kiongozi mwingine yeyote serikalini.

Tukio lililogusa mwambao wa kaskazini kuliko yote lilitokea Januari 2001. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000 uliovurugika Zanzibar, wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF walitangaza maandamano ya kudai urudiwe. Serikali ikayapiga marufuku. Tarehe 26 na 27 polisi waliwafyatulia watu risasi, Pemba hasa, na kwa hesabu ya mashirika ya haki za binadamu waliokufa walizidi 30. Watu zaidi ya 2,000 walikimbia kwa boti na ngalawa hadi Shimoni, pwani ya Kenya, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wetu wa Horohoro. Tanga na Pemba ni ndugu: watu wameoana, wanafanya biashara ya karafuu, samaki na nguo, na msiba wa Wete hutangazwa Chumbageni siku hiyo hiyo. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ilikuwa imetoa wakimbizi.

Oktoba 2001 CCM na CUF walitia saini makubaliano ya Muafaka, na tume ya kuchunguza mauaji ikaundwa chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ambaye naye aliwahi kufanya kazi ya habari serikalini. Katika kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose, kilichotoka mwaka 2019, Mkapa aliyataja mauaji yale kuwa doa katika urais wake. Ni wachache kati ya marais wa Afrika walioandika hivyo kwa mkono wao juu ya vifo vilivyotokea chini ya utawala wao. Hata hivyo kauli hiyo ilikuja miaka 18 baadaye. Wazazi wa baadhi ya vijana waliouawa walikuwa wameshazikwa.

Baada ya kuondoka Ikulu mwaka 2005 hakukaa bure. Aliunda taasisi yake ya kupeleka wahudumu wa afya vijijini. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, alikuwa pamoja na Kofi Annan na Graça Machel katika upatanishi. Aliongoza jopo la Umoja wa Mataifa kwenye kura ya maoni ya Sudan Kusini mwaka 2011, na akasuluhisha mazungumzo ya Burundi. Nyumbani, magazeti binafsi yalimhoji kwa miezi kuhusu mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira na kuhusu biashara iliyofanywa wakati akiwa Ikulu. Kwa nadra alijibu. Alifariki Julai 24, 2020, akazikwa Lupaso.

Tangu yeye, mlango wa kutoka habari kwenda siasa umebaki wazi. Saed Kubenea, aliyemwagiwa tindikali mwaka 2008 akiwa ofisini kwa gazeti lake la MwanaHalisi, aliingia bungeni mwaka 2015 kupitia CHADEMA kwa jimbo la Ubungo. Watangazaji wengine wa redio na televisheni wamepata ubunge na udiwani, na wengi zaidi watajaribu, kwa sababu sauti inayosikika nyumbani kila asubuhi hujenga imani ambayo mgombea mwingine huitafuta kwa miaka.

Mwambao huu una haki ya kuwadai zaidi. Habari za Mwezi la Magila, katika nchi ya Wabondei, na Kiongozi lililochapwa Tanga mjini, ni miongoni mwa magazeti ya kwanza ya Kiswahili Tanzania Bara. Mwaka 1922 Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha hapa hapa Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Watu wa hapa walisoma, wakaandika, wakajadiliana kabla redio haijafika nchini.

Kwa hiyo atakapokuja kuomba kura mwandishi au mtangazaji mliyemzoea, asipimwe kwa ufasaha wake pekee. Ufasaha Mkapa alikuwa nao kuliko wote. Mwulizeni kama atarudi kwenye kipindi cha redio ya mkoa baada ya mwaka mmoja, simu zikiwa wazi, ajibu maswali ya mkata mkonge wa Korogwe, mvuvi wa Kigombe na mama muuza dagaa wa Sahare, bila kuchagua maswali. Akikubali, wekeni ahadi hiyo kwenye maandishi, na mwaka ukifika mpigieni simu.